Injinia Alinganisha Magari Mawili

Injinia aliliona gari lile siku aliyoikimbia mvua na kujibanza kwenye karakana ya fundi viti. Lilikuwa nyuma ya marobota ya sponji, limefunikwa turubai, na upepo ulipoinua pindo la turubai akaona taa moja na kipande cha boneti nyeupe. Alilijua papo hapo: gari dogo la Kijapani la michezo, milango miwili, umri kama miaka thelathini, lile ambalo matajiri sasa wanalisaka kila mahali. Mvua ilikatika, naye bado kasimama pale akiulizia bei ya kushona kiti ambacho hakuwa nacho.

Tumjue kwanza bwana huyu. Jina la Injinia alijipa mwenyewe, na mji ukamkubalia kwa kuchoka kubishana. Spana hajawahi kushika. Na kuna jambo jingine, ambalo naomba libaki baina yetu: hakujua kuendesha. Miaka kumi na miwili alikuwa dalali wa magari, akisifia giya na breki kwa ufasaha hata madereva wazoefu wakaona haya kumwuliza leseni. Rafiki yake mmoja mrefu, Twiga, ndiye aliyemwendesha. Kila mara Twiga aliegesha, akashuka na kutokomea kwenye kibanda cha chai kabla mteja hajachungulia, na Injinia akajitokeza akizungusha funguo kidoleni.

Mali yake yote ilikuwa gari moja, nalo la Kijapani la michezo, lakini la kisasa. Alilinunua kwa kila alichokuwa nacho, akamtafuta mtaalamu wa kurudisha nyuma kilomita, na laki mbili zikawa elfu arobaini. Yeye na mkewe waliishi chumba cha uani kwa mama mkwe, ambaye kila asubuhi alimwuliza kama na leo atashinda akiuza maneno. Injinia alikuwa amemwahidi mkewe kwamba mwezi hauishi kabla hawajahama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na nia ya kutimiza.

Mpango ulikuwa mwepesi. Alimpigia simu daktari wa meno aliyekuwa akilitafuta gari la namna ile kwa miaka mitatu, akamwambia la zamani ndilo gari. Halifiki hata tani moja na nusu, hapo na dereva wake ndani. Halina kompyuta ya kukuingilia mambo yako. Injini yake ukiikanyaga inapanda mpaka inaimba, usukani unakwambia kila kijiwe ulichokanyaga, na bei yake inapanda kila mwaka. La kisasa? Zito, limejaa nyaya, na linashuka thamani hata likiwa limelala. Daktari akataja kiasi ambacho kingenunua nyumba yenye ua wake.

Kesho yake alikuwa kwa fundi viti, mjane wa makamo mwenye miwani ya kamba, akimwambia la kisasa ndilo gari. Lina turbo, nguvu zake ni karibu mara mbili ya hilo kongwe. Lina mifuko ya hewa ya kukukinga, breki zinazofikiri zenyewe, na vipuri vyake viko kila duka. La zamani? Bati jembamba, linanuka petroli, na ukitaka kioo chake usubiri miezi sita. Alipendekeza wabadilishane, gari kwa gari, bila kuongezeana hata senti.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba hotuba zote mbili zilikuwa za kweli. Mtu mwenye kipaji cha kusema kweli namna hiyo, kwa nini asiseme zote mbili kwa mtu mmoja?

"Kama langu ni bovu hivyo," fundi viti aliuliza, "wewe unalitakia nini?"

"Huruma, mama yangu. Nakuona unahangaika."

Fundi viti akaomba kulitazama hilo la kisasa. Hakufungua boneti. Aliketi kiti cha dereva, akapapasa ukingo wa pembeni, pale dereva anaposugua akipanda na kushuka, akakuta ngozi imelainika mpaka imepasuka na kupakwa rangi juu. Kilomita elfu arobaini hazifanyi vile. Kisha akanyoosha miguu, isifike kwenye pedeli. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kama kwa mtu wa futi sita na ushee, na Injinia alikuwa akimfikia yeye begani. Akatupia jicho kiti cha abiria: kilikuwa kimevutwa mbele na kubonyea vizuri, saizi ya Injinia. Alishuka, akafunga mlango taratibu.

"Nimelipenda," alisema. "Lakini marehemu mume wangu alinifundisha kuendesha kwenye hili la zamani. Kila Jumapili asubuhi nalizungusha, na siku hiyo silii. Siwezi kulitoa kwa maneno tu. Tushindane, Injinia, mimi na langu na wewe na lako, mpaka geti la kiwanda cha unga. Mshindi achukue yote mawili."

Injinia alisingizia mgongo, kisha macho, kisha akataja rafiki mmoja anayeweza kumshikia usukani.

"Mwenyewe kwa mwenyewe," fundi viti akasema. "Si umesema lina nguvu mara mbili? Au ulinidanganya?"

Hapo ndipo alipomkamata, kwa mdomo wake mwenyewe. Injinia akapiga hesabu. Gari lake lilikuwa la kujiendea, halina klachi. Miaka yote amemwona Twiga akifanya: unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, unavuta kijiti, unakanyaga mafuta. Na zawadi ilikuwa magari mawili, chumba cha uani kwaheri. Akatoa kadi ya gari, fundi viti akatoa yake, wote wakamkabidhi mchomeleaji wa jirani, ambaye alivua miwani yake myeusi ili aone vizuri. Wakaandikiana na kutia saini mbele yake.

Barabara ya nyuma ya maghala ilikuwa tupu. Injinia alikivuta kiti mbele kwa taabu, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, injini ikanguruma. Mchomeleaji akashusha kitambaa. Injinia akavuta kijiti hatua moja, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Gari lilitoka kwa nguvu zote alizozisifia, ila lilitoka kinyumenyume. Liliipita karakana, likampita Twiga na kikombe chake, likapanda lundo la mchanga wa wajenzi na kutulia juu yake, matairi yakizunguka hewani. Breki zinazofikiri zenyewe zilifikiri baada ya hapo. Fundi viti alikwenda mpaka geti la kiwanda taratibu, akageuza, akarudi akiwa ametoa mkono dirishani.

Walilishusha gari mchangani, halina hata mkwaruzo wa maana. Fundi viti alimwonea imani Injinia, akajitolea kumfikisha kwake kwa lile la kisasa. Injinia akapanda kiti cha abiria bila kuambiwa.

Mama mkwe alikuwa kibarazani. Aliuliza mbona mkwewe anaendeshwa kwenye gari lake mwenyewe.

Injinia alikuwa amechoka kupita kiasi. "Si langu tena, mama," alisema. "Nimeliwa kwenye mashindano. Kilomita zake ni za uongo, na mimi kuendesha sijui, sijawahi kujua."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika nguzo. "Umemsikia?" akamwambia mgeni. "Dalali wa magari miaka yote hii, eti hajui kuendesha. Huyu kwa uongo sijaona wa kumfikia. Karibu chai."

Fundi viti alikunywa vikombe viwili, na hakumtetea. Injinia akawaacha wanacheka, akazunguka nyuma ya nyumba na kusukuma mlango wa chumba cha uani. Mkewe alikuwa amekaa juu ya sanduku, amevaa nguo zake za kutokea, na vyombo vyote vilikuwa vimefungwa tayari kwa kuhama.