Vikaratasi vya Mzee Nahumu

Yakobi, Njombe
12 Machi, 1951

Kwa Baba Mchungaji Anania,

Kamwene. Ni mimi Methusela, wa ile nyumba iliyo karibu na mianzi. Miili ni mizima, ila moyo wangu haujatulia, na sababu ni mzee wako wa kanisa, Nahumu, uliyempa kazi ya kukagua nani bado anakunywa ulanzi, hiyo pombe yetu ya mianzi. Nimekwisha kukutwa mara mbili. Ya tatu natengwa na Meza ya Bwana, na Jumamosi ijayo binti yangu Ema anaolewa. Baba aliyetengwa hamwingizi bibi harusi kanisani. Anakaa nje na mbwa. Kwa hiyo nalalamika, kwa heshima zote:

1. Zamani Mzee Nahumu alikuwa na ratiba. Jumanne upande wa juu, Alhamisi upande wetu. Kila Alhamisi alitukuta tunakunywa uji, nyuso tumenawa, watoto wanaimba tenzi. Ulikuwa utakatifu wa siku moja, sikatai, lakini ulikuwa wa uhakika. Sasa ameandika nyumba zote ishirini na nne kwenye vikaratasi, kavitia ndani ya kofia, na kila asubuhi anafumba macho na kuchomoa kimoja. Jina likitoka, huko ndiko aendako.

2. Nilimwuliza kwa nini aje kwangu, wakati jirani yetu Filbert anapita njiani akiimba hadi mbuzi wanakimbia. Akajibu kwamba karatasi ndiyo iliyotoka. Baba Mchungaji, hiyo nayo ni sababu? Mtu mwenye akili timamu huamua, tena akaeleza kwa nini. Angesema ananichukia, ningemwelewa.

3. Alipokuja kwangu Jumatatu moja, nikapiga hesabu: nyumba ziko ishirini na nne, kesho hawezi kurudi. Nikaketi na kibuyu changu, roho safi. Lo! Jumanne huyoo mlangoni! Kumbe karatasi akishaisoma anairudisha kofiani. Huo ni uungwana kweli?

4. Nikaona na mimi nifanye vilevile. Nikatia siku saba katika kofia yangu, nichomoe siku ya kunywa. Ikatoka Jumapili. Nikaikataa. Ikatoka Jumatano, siku waliyokuwa wafike wakwe kutoka Makambako. Nikaikataa. Mwishowe nikajiuliza: kama nachomoa mpaka nipate ninachotaka, anayeamua ni kofia au ni mimi? Tangu hapo naziogopa siku zote sawasawa. Wiki ya tano hii sijaonja hata tone, na baridi ya Yakobi unaijua. Nateseka, Baba.

5. Jambo hili tukiliacha litaenea. Kesho Bwana D.C. atachomoa nani awe jumbe. Keshokutwa daktari atachomoa mguu wa kukata. Na wewe mwenyewe utachomoa nani abatizwe na nani azikwe, awe amekufa au hajafa.

Naomba basi ratiba irudi, ibandikwe mlangoni pa kanisa kwa herufi kubwa, ili kila mtu ajue siku yake ya kuwa mwema.

Nisalimie Mama Mchungaji, watoto, na wazee wote wa kanisa, Nahumu awe wa mwisho.

Ndimi kondoo wako mwenye kiu,
Methusela

Nyongeza: Barua hii nilimpa Ema anisahihishie herufi, maana yeye ndiye aliyesoma. Akaisoma yote, kisha akaniambia kwamba vile vikaratasi aliviandika yeye. Ndiye aliyemwendea Mzee Nahumu akamfundisha mambo ya kofia, kwa kuwa alijua baba yake ratiba ameikariri. Anasema anataka kuingia kanisani ameshikwa mkono na mimi, nami niwe nimesimama sawasawa. Nilitaka kumkaripia, machozi yakanitangulia. Tafadhali, Baba Mchungaji, ratiba isirudi. Na ikiwezekana, mwambie Mzee Nahumu aniongezee vikaratasi vingine kumi vyenye jina langu, mpaka Jumamosi ipite.