Kipande Chekundu Ndani ya Mkebe

Ijumaa, 6 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Nyama anayotuletea Mkata Nyama kila Ijumaa, mimi siili. Natafuna mkate kwa bidii, natikisa kichwa kwa kusifu, kisha nyama inateremka kwenye soksi. Soksi zangu zote sasa zinanuka karamu.

Mkata Nyama anafanya kazi supamaketi, kwenye kaunta ya nyama zilizookwa. Ana kofia nyeupe na mashine inayokata nyama nyembamba mpaka unaweza kusomea gazeti nyuma yake. Nje kahawia. Ndani nyekundu. Yeye anasema ndivyo inavyotakiwa iwe. Mama Mdogo anasema ni laini ajabu. Mimi nasema, moyoni, kwamba nyama hii ilipita tu karibu na moto ikausalimia.

Halafu mbona analeta bure? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baada ya chakula Mama Mdogo akaniita jikoni. Mkata Nyama ameomba kumwoa na kuhamia kwetu. Mama Mdogo amemwambia asubiri jibu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, na kwamba hatasema ndiyo kama mimi sijasema ndiyo kwanza. Mama Mdogo amenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Tumekuwa wawili siku zote. Hajawahi kuniomba kitu.

Nikasema nitafikiria. Sauti ilitoka nyembamba kuliko ile nyama.

Jumamosi, 7 Machi

Nimefikiria. Anayelisha watu nyama mbichi hafai kuwa mume wa mtu. Lakini Mama Mdogo hapokei maneno matupu. Lazima nipate ushahidi.

Nimeanza na mnyama. Nilimpa paka wa jirani nyama iliyokuwa kwenye soksi. Akala, akajilamba, akanifuata hadi mlangoni kuuliza kama kuna nyingine. Baadaye nikamwona anakula mjusi. Nimemwondoa kwenye utafiti.

Sasa nafanya kisayansi. Nimechukua vipande viwili kutoka kwenye friji, nikatoa bikari na rula kwenye mkebe wangu wa hesabu, nikavilaza humo. Mkebe uko chini ya kitanda. Pakiti imeandikwa ihifadhiwe penye baridi. Naam. Mwenye siri ndiye huomba baridi. Nyama ya haki haiogopi joto.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemuuliza mwalimu wa biolojia. Nilisubiri wenzangu watoke kwanza, maana mbele ya watu sauti hunikimbia. Alifurahi hadi akakaa juu ya dawati. Akasema bakteria hukaa juu ya pande la nyama, si katikati yake. Moto ukiunguza nje sawasawa, ndani panaweza kubaki pekundu na mtu mwenye afya akala bila wasiwasi. Nyama ya kusaga ni kesi nyingine, kwa kuwa ya nje imeshachanganywa na ya ndani. Hii ya kukatwa inataka mashine safi, friji, na kuliwa mapema. Mjamzito, mzee na mtoto mdogo waipashe mpaka itoe mvuke. Ukiiacha kwenye joto, akasema, hapo usimlaumu ng'ombe.

Nilikuwa karibu kuamini. Ndipo akaongeza kwamba nzuri kabisa ipo supamaketi ya pale kona, na kwamba yule bwana wa kaunta humkatia vizuri sana.

Kumbe wanajuana. Nimeyafuta maelezo yake yote, isipokuwa pale kwenye mashine safi.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kupeleleza mashine. Nilijificha nyuma ya rundo la maboksi ya biskuti. Mkata Nyama aliifungua, akaisafisha, kisha akasafisha tena palipokwisha kuwa safi. Asiye na hatia hasafishi hivyo. Akabadilisha glavu. Halafu, bila kugeuka, akasema Profesa, ndivyo anavyoniita, akimaliza na biskuti aje aonje.

Nikasema natafuta dawa ya viatu. Ikabidi niinunue. Ni ya bluu. Hatuna viatu vya bluu.

Nyumbani Mama Mdogo amesimama mlangoni kwangu akinusa. Akauliza kuna nini humu. Nikasema labda ni mtihani unaokaribia. Hakucheka. Anasema kuna panya amekufa.

Ijumaa, 13 Machi

Maafa.

Harufu imefika sebuleni. Mama Mdogo akamwomba Mkata Nyama amtafute huyo panya. Nikajibana mlangoni, nikasema nina vitabu vingi humo, visivurugwe. Mama Mdogo akasema hebu mpishe mwanangu, panya hasomi.

Mkata Nyama akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa mkebe wenye jina langu juu. Akaufungua. Akaufunga. Mtu aliyeishi na nyama miaka yote hiyo, machozi yalimtoka.

Nikajua arobaini yangu imetimia. Mama Mdogo akauliza kutoka sebuleni kama amempata. Mkata Nyama akanitazama. Kisha akajibu kwamba amempata, lipanya hasa, tena zee, na mama asiingie kuliona asije akashindwa kula.

Akautia mkebe ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, akaenda kuutupa. Akanawa hadi viwiko. Aliporudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile soksi ameiona tangu Ijumaa ya pili, ila aliona si vizuri kumwaibisha mtu mezani. Kama wekundu unanisumbua, atakuwa ananiwekea kipande cha mwisho, kilichoiva mpaka ndani.

 Nikasema asante, Anko. Imenitoka tu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeyapima yote kwa utulivu. Mtu huyu alimdanganya Mama Mdogo bila kupepesa jicho. Panya akampa hadi umri! Anayeweza kubuni panya upesi hivyo, anaweza kubuni nini kingine?

Amekuja asubuhi na mkebe mpya, bikari ndani, na pakiti mbili: nyekundu yao, kahawia yangu. Mama Mdogo akaniuliza mbele yake, huku akifuta meza iliyokuwa safi.  Sauti ikanikimbia, nikaitikia kwa kichwa. Akanikumbatia mpaka kitambaa cha kufutia meza kikanilowesha mgongo.

Nimekubali kwa sababu za kiusalama. Mtuhumiwa ni bora akae karibu.

Walipotoka kwenda kumpa jirani habari, nilikula kipande cha kahawia. Kisha chekundu kimoja, kwa ajili ya utafiti. Kisha vingine vitatu. Cha mwisho nilikilaza kwenye mkebe mpya, nikaufunga, nikausukuma nyuma ya kabati, ambako ukuta hupigwa jua mchana kutwa.