Mwongozo wa Wilaya wa Kutathmini Filamu kwa Manufaa

Nana, mwenye kiti cha enzi cha Apatakrom, ambaye maneno yangu yatakufikia kwa kinywa cha msemaji wako Okyeame Boadi, Nana Hemaa, mama wa mji, Mchungaji Ofosuhene, Alhaji Seidu wa mtaa wa Zongo, Malkia wa Nyanya wa soko letu pamoja na msaidizi wake, wadau wa sekta ya burudani, na nyinyi wananchi mliokaa juani kwa hiari yenu baada ya kuamriwa: mimi, Mheshimiwa Ebenezer Twumasi-Ampofo, Mkuu wa Wilaya na Mlezi wa Filamu zake, nawasalimu kwa salamu zote zinazotambuliwa na ofisi yangu. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Leo nazindua Mwongozo wa Kutathmini Filamu kwa Manufaa, uliotokana na mchakato shirikishi ambao mimi nilishiriki. Mtauliza, kwa nini mwongozo? Kwa sababu kila Jumamosi asubuhi Dada Afriyie, yule pale kwenye benchi, alikuwa akishika kipaza sauti cha kituo cha matangazo, ambacho spika zake ziko juu ya nguzo na huwaamsha walevi na walokole kwa pamoja, akawaambia kama filamu ya jioni inafaa au haifai. Filamu ya mpwa wangu aliitathmini kwa maneno matatu: "Msiende. Twangeni fufu." (Kicheko.) Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya wilaya ilibaki nyumbani ikitwanga mihogo ya fufu. Ukumbini alibaki mpwa wangu na mama yake, na mama yake alisinzia. Sasa tathmini ya namna hiyo imemnufaisha nani? (Sauti: "Sisi!") Mbali na nyinyi.

Kwa hiyo ofisi ilikichukua kile kipaza sauti, kwa nia njema kabisa, na sasa kimehifadhiwa katika kabati langu. Dada Afriyie atarudishiwa siku ileile itakapoonyeshwa filamu ya kwanza ya wilaya, Mkwe Aliyerudi na Radi, Sehemu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Hilo nimelisema hadharani na sitalirudia.

Mwongozo unaelekeza kwamba mtathmini aanze na pongezi, amtaje mlezi kabla ya mwigizaji, asifichue mwisho wa filamu wala katikati yake, na mwanzo auguse kwa tahadhari. Filamu haiwi ndefu, bali imejitosheleza. Mwigizaji aliyesahau maneno yake amezama katika tafakuri. Na kivuli cha mpiga picha kikionekana ukutani, huo ni uwazi katika utendaji. Lakini kubwa kuliko yote, mtathmini asingoje filamu. Katika mji huu kila mtu anajua kuwa bango huchorwa kwanza, na mchoraji wetu Kwaku Nimo hajawahi kuchelewa. (Bango linafunuliwa. Ni magunia mawili ya unga yaliyoshonwa pamoja. Nyoka mwenye vichwa vitatu anameza helikopta, na bibi harusi anayekula ndizi ya kuchoma anamtazama.) Mtathmini makini anahitaji nini zaidi?

(Dada Afriyie: "Mheshimiwa, mwaka jana Kwaku alichora simba anaendesha teksi. Tukakaa mpaka taa zikawashwa, hata paka hatukumwona." Kwaku Nimo: "Simba nilimwongeza mwenyewe, dada. Filamu ilikuwa kavu.")

Nashukuru kwa michango hiyo, ambayo haitaingia kwenye kumbukumbu. Sasa namwomba Dada Afriyie asimame asome tathmini rasmi, ambayo ofisi imemwandalia ili kumpunguzia mzigo wa kufikiri.

(Dada Afriyie anasimama bila kuipokea karatasi. "Sisomi, Mheshimiwa. Kipaza sauti nakitaka, sikufichi, hata usingizi sipati. Lakini hawa wananiamini. Nikiwaita leo waje, wakija wasikute kitu, kesho nikisema jambo atanisikiliza nani?" Wauza ugali wa kenkey: "Mwambie, mama.")

Ni haki yake ya kikatiba kukosea. Nitasoma mimi kwa niaba yake: "Mkwe Aliyerudi na Radi imejitosheleza. Mlezi wake amejitoa mhanga. Tangu uhuru, wilaya haijapata kuona kitu kama hiki." Wanaoafiki? (Mikono ya viti vya mbele.) Asilimia mia moja ya walioafiki wameafiki.

Nikisema "Filamu", nyinyi mtaitikia "Maendeleo". Filamu! (Viti vya mbele: "Maendeleo!") Tathmini! (Viti vya mbele: "Maendeleo!") Hapo ilikuwa "Manufaa", lakini moyo wenu umeonekana.

Nakushukuru Nana kwa kivuli cha mwavuli wako, ambacho kilinifikia nusu. Namshukuru Kwaku Nimo kwa bango. Nawashukuru waigizaji, ambao wangeteuliwa, na mwongozaji, ambaye angewateua. Maana kwa kuwa tathmini imetoka nzuri kiasi hiki, Baraza la Wilaya limeona si busara kuihatarisha sifa hiyo kwa kwenda kutengeneza filamu. Kuhusu kipaza sauti, ahadi yangu iko palepale: kitarudi siku ya onyesho. Asanteni kwa kuvumilia jua.

(Hakuna makofi. Dada Afriyie anapanda juu ya benchi, na watu wanageuza viti vyao kumwelekea. "Hii ya leo nimeikalia mpaka mwisho," anasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mlioko nyumbani, msije." Safu iliyo karibu naye inaipasia ya pili maneno hayo, ya pili inaipasia ya tatu, na neno linatoka uwanjani kuelekea sokoni.)