Tofali la Ukoo wa Pang

Ijumaa, 27 Februari

Wageni wamefurika mtaani kwetu Laomendong kama kumbikumbi. Wanatoka kulitazama Lango la Zhonghua kwenye ukuta wa kale wa Nanjing, wanapita mbele ya duka letu la bata wa chumvi, wanamwangalia bata, bata anawaangalia, halafu wanavuka njia kwenda kwa Luo Jing kununua vitumbua vyake vya umbo la ua. Vitumbua! Unga na sukari tu! Kila mgeni akivuka, Luo Jing ananipungia mkono. Ana meno mengi mno yule kijana.

Baba Mdogo, mwenye duka, kaapa tena. Nikiharibu jambo lingine lolote ananirudisha kijijini Gaochun kwa Shangazi, nikalishe kaa bwawani. Kisa cha kuwapaka bata rangi ya dhahabu bado hakijamtoka. Gaochun mimi? Matope hadi magotini, na kaa hawana shukrani. Mimi ni mtu wa mjini. Lazima nifikiri. Bahati nzuri, kufikiri ndiyo fani yangu.

Jumamosi, 28 Februari

Nimepata! Nilikuwa nimejibanza nje ya lango, nakwepa kuosha matumbo ya bata, nikaona tofali lenye maandishi, kama yalivyo mengi pale ukutani. Kusoma yote sikuweza. Shule na mimi tuliachana mapema, bila kinyongo. Lakini herufi moja naijua hata nikiwa usingizini: Pang. Ukoo wetu! Babu yetu kajenga Lango la Zhonghua!

Mchana nikasimama mlangoni nikatangaza bata wa ukoo uliojenga lango. Wageni wakanifuata hadi kwenye tofali, wakaligusa, wakapiga picha, wakarudi kununua bata. Jioni haikubaki hata shingo. Baba Mdogo kanipa paja. Paja zima! Luo Jing kauliza kwa sauti kama babu alilijenga lango lote peke yake au alisaidiwa. Wivu huo.

Jumapili, 1 Machi

Bibi kasikia. Bibi hafanyi mambo nusunusu. Kachukua bata mzima, pombe ya mchele na vijiti vya udi, kamwandalia babu karamu chini ya tofali, akampa na habari za nyumbani: nani kaoa, nani kafa, na kwamba mimi sina dalili ya kuoa. Mlinzi wa lango kamwambia udi hauchomwi pale. Bibi kamuuliza kama na yeye ana babu ukutani. Hana.

Biashara moto!

Jumatatu, 2 Machi

Balaa. Luo Jing kaenda kuulizauliza. Kangoja wageni wajae, ndipo akafungua mdomo. Akasema majina yale hayakuwekwa kwa heshima. Mfalme aliamuru kila mfyatua matofali agonge jina lake, ili tofali likiwa bovu ajulikane wa kuchapwa. Kisha akachomeka kidole kwenye tofali letu. Kikaingia chote. Ya jirani mazima kama yamefyatuliwa jana, letu lina tundu la kulala panya.

"Mmejionea wenyewe, wageni wetu," akasema. "Mimi vitumbua vyangu havikufyatuliwa na ukoo wa Pang."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bata wetu wote wamerudi ndani. Baba Mdogo hata hakufoka. Aliuliza tu basi la Gaochun linaondoka saa ngapi.

Bibi analia: maskini babu, viboko alivyokula! Kaamua kwamba Jumatano, siku Nanjing nzima inapopanda ukutani kutembea ili magonjwa ya mwaka yabaki huko juu, sisi tutapitia kwanza kwenye tofali kuliombea radhi. Msemaji wa ukoo ni mimi. Mbele ya Nanjing nzima!

Jumanne, 3 Machi

Dawa ninayo. Kila mtoto wa hapa kakua akiambiwa kwamba ukuta huu ulishikamanishwa kwa uji wa mchele wa kunata. Na leo, Sikukuu ya Taa, kila nyumba inapika nini? Matonge ya mchele wa kunata! Nimeiba bakuli zima la Bibi. Jua lilipozama, watu wakishangaa taa, nikayasukumia tunduni moja baada ya jingine, nikasawazisha, nikapaka vumbi la tofali. Baridi ikayagandisha yakawa jiwe. Babu kapona!

Ndani ya matonge kuna ufuta mweusi uliokorogwa na sukari na mafuta ya nguruwe. Lakini nani ataona?

Jumatano, 4 Machi

Naandika nimekalia begi langu.

Asubuhi jua liliwaka kama la kiangazi. Watu kama siafu. Nikaonyesha tofali: zima! Baba Mdogo akalipapasa, akanitazama kama mtu kwa mara ya kwanza, akaninong'oneza kwamba labda Shangazi atafute mtu mwingine wa kaa. Nilitaka kumbusu.

Jua likalipiga tofali. Likatoka tone jeusi. Likafuata la pili.

"Analia," Bibi akasema, akapiga magoti. "Miaka yote hii ukutani, leo ndiyo analia."

Watu wakainama, simu juu. Mimi moyoni naruka: nani atanunua kitumbua siku babu yangu analia? Luo Jing akasogea, akagusa chozi, akalamba. Akatafakari.

"Bibi, babu yako analia ufuta," akasema. "Na sukari imemzidi."

Bibi naye akalamba. Ufuta ule aliukoroga kwa mkono wake. Aligeuka taratibu, hakumtazama mtu mwingine ila mimi.

Mlinzi kanishika sikio. Nimechokonoa tundu kwa kijiti na kulisugua tofali mbele ya umati mpaka likatakata. Baba Mdogo kamsihi mlinzi aniachie. Si huruma, ni kuwahi basi.

Ijumaa, 6 Machi

Gaochun. Matope. Kaa kanibana kidole kabla sijanywa chai. Shangazi haniamini hata nikimwambia kumekucha. Luo Jing kanitumia picha ya kitumbua chake kipya, cha ufuta. Kakiita Chozi la Babu Pang. Mwizi!

Lakini sina wasiwasi. Nyuma ya bwawa kuna daraja la mawe la zamani, na lina maandishi. Herufi ya kwanza siijui. Ya pili siijui. Ya tatu, ukiinamisha kichwa na kufumba jicho moja, ni Pang kabisa. Wageni wakija kuligusa, kaa wa Shangazi watakwisha siku hiyohiyo.

Lina ufa kidogo. Si neno. Mchele wa kunata upo jikoni, na safari hii ufuta nitautoa kwanza.