Wafuasi wa Bronx Hawali Yanikeke

Redio ya Doña Eneida ndiyo iliyochokoza. Inakaa juu ya friji la bia dukani kwake, pale San Pedro de Macorís, na ikinyamaza ujue umeme umekatika, maana mwenyewe hajawahi kuizima. Jioni hiyo wachezaji wanne walikuwa wameshakaa kwenye meza ya dhumna nje ya duka, kete zimechanganywa na kugawanywa, mara mtangazaji akasema kwamba mama mmoja mpamba keki wa mji mkuu amezirai akiwa laivu mtandaoni, mikononi kashika keki ya harusi. Watazamaji wakadhani ni igizo. Wakammwagia mioyo. Mmoja akauliza hiyo keki iliyomwangukia inauzwaje.

"Inauzwaje!" Mireya akabamiza kete ya dabo sita mezani hadi chupa zikaruka. Huyu ni msusi, na kwa kuwa siku zote hutembea na rola kichwani kama tangazo la saluni yake, mtaa mzima unamwita Rola. "Mtu kalala chini na krimu puani, mwenzake anauliza bei! Dunia imekwisha."

"Dunia haijaisha," akasema Mwanasheria, aliyesoma sheria mihula miwili tu, lakini jina likamganda. "Dunia imehamia kwenye simu. Mji huu ulikuwa unatoa wachezaji wa besiboli, sasa unatoa video. Cheza, Teyo."

Teyo alicheza bila kuangalia. Macho yake yalikuwa kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa, inamrekodi. Ndiye muuza yanikeke wa kona hiyo, ile mikate myembamba ya kukaanga, mipana kama sinia, aliyofundishwa na bibi yake. Habari ya mpamba keki aliisikia vizuri. Akavuta mkono wa shati hadi kwenye kiganja, ingawa joto lilikuwa la kumvua mtu shati.

"Kompadre," akasema Roho Saba, dereva wa pikipiki aliyeanguka mara saba akafufuka zote, na ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Teyo, ndiyo maana wanaitana kompadre, "hiyo simu mbona inanikodolea?"

"We cheza tu kama kawaida. Ila usijikune."

"Nisijikune kwapa langu mwenyewe?"

"Narekodi video ya mjasiriamali akipumzika. Mwalimu anasema watu wanapenda kukuona umepumzika."

"Na umepumzika?"

"Nitapumzika nikimaliza kuirekodi. Hii ni ya tatu, mbili za mwanzo nilionekana nimechoka."

Meza ikacheka, na Doña Eneida naye akacheka kule ndani nyuma ya mzani wake wa maharage. Teyo hakucheka.

"Chekeni. Biashara siku hizi bila video ni maiti. Video tatu kwa siku, na laivu saa kumi na mbili jioni. Ukikosa siku moja, mtambo wa mtandao unakusahau."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wangu wa mtandaoni, yule kijana wa Medellín."

"Yule mwenye meno kama vigae vya chooni?" Rola akauliza. "Na yeye anauza nini?"

"Anauza masomo."

"Masomo ya nini?"

"Ya kuuza."

"Ya kuuza nini?"

Teyo akafikiri kidogo. "Sijafika somo hilo."

Mwanasheria akainua kidole, dalili kwamba hotuba inakuja. "Mabibi na mabwana, namtetea mshtakiwa. Mgaa na upwa hali wali mkavu. Teyo anatafuta wateja. Ana wafuasi elfu kumi na moja! Nani hapa ana hata watu kumi na mmoja wanaomsikiliza?"

"Wewe huna hata mmoja," akasema Roho Saba. "Cheza."

"Nacheza. Lakini nauliza, kosa lake nini?"

"Kosa lake? Jumatatu nimeenda kwake asubuhi, njaa inanipigia ngoma. Nikapewa yanikeke ya moto, nikafungua mdomo. 'Subiri, kompadre, mwanga!' Nikasubiri. 'Geukia jua.' Nikageuka. 'Uma, lakini usimeze.' Jamani, nimeuma mara nane sijameza hata moja! Yanikeke imepoa imekuwa kama soli ya kiatu. Abiria wangu naye kanisubiri kwenye pikipiki mpaka kaenda zake kwa miguu."

"Ile video ilipata mioyo mia tisa," Teyo akajitetea.

"Na mimi nilipata kiungulia. Kompadre, nikwambie kweli mbele za watu?" Roho Saba akainamisha kofia. "Siku hizi nanunua empanada, zile sambusa kubwa, kwa yule bibi wa kona ya pili."

Hapo Teyo akageuka kabisa, simu akaisahau. Kusalitiwa na mke mtu huweza kusamehe, lakini kompadre kula empanada kwingine!

"Wewe? Uliyenishikia mtoto kanisani?"

"Mtoto nilimshika, sikuambiwa nigeukie jua."

Rola alicheka mpaka rola moja ikachomoka ikaangukia kwenye kete. Akaiokota, akairudisha kichwani, halafu akanyoosha mkono kuichukua simu ya Teyo. "Lete hapa nione hao elfu kumi na moja wanaokufanya uuze yanikeke za baridi." Akaanza kusoma maoni kwa sauti. "'Ai, nchi yangu!' Huyu yuko Bronx, ng'ambo. 'Nalia hapa kazini.' Bronx. 'Harufu naisikia mpaka huku.' Madrid huyo. 'Mungu akubariki, kaka.' Bronx. Bronx. Zurich, huko sijui hata wanakula nini. Bronx tena. Teyo, wa San Pedro yuko wapi?"

"Endelea kushusha."

"Nimeshusha mpaka kidole kinauma. Yuko mmoja."

"Umeona!"

"Ni mimi mwenyewe, nilikuuliza umefungua au unarekodi."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Doña Eneida akasema kutoka ndani, akakata kipande cha salami kwa kishindo kana kwamba ndiye nyoka mwenyewe.

Teyo akaikodolea macho simu mkononi mwa Rola. Hawakujua, hawa. Kulikuwa na mama mmoja wa Bronx, msafisha ofisi za watu usiku, ambaye kila jioni humwandikia kwamba husikiliza mafuta yakichemka kabla hajatoka kwenda zamu, na kwamba sauti hiyo humkumbusha jikoni kwa mama yake. Teyo alimpenda mama yule kama shangazi. Angewezaje kumwambia kwamba leo hakuna mafuta?

"Haya, tuseme wako mbali," akasema polepole. "Lakini wananipenda."

"Mapenzi hayana yanikeke ndani yake," akasema Rola. "Mimi napiga picha zangu Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa. Vichwa vinne, basi, zinanitosha juma zima. Mteja akikaa kwenye kiti changu, simu iko kwenye droo. Nisipoposti, nani amekufa?"

"Nywele hazipoi, Rola."

"Kwani nywele haziungui?" Rola akamkazia macho. "Jumanne umeme ulikatika kutwa. Simu yako ikazima tangu alfajiri. Uliuza mpaka saa ngapi?"

Teyo akapanga kete zake upya.

"Sema."

"Saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza unga."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikalala."

"Basi kampuni ya umeme ndiyo daktari wako!" Roho Saba akapiga goti. "Jamani, tuwape ua. Miaka yote tunawatukana, kumbe wanatibu watu!"

"Na usiku analala?" Rola akamuuliza Roho Saba.

"Alale wapi? Komadre Nidia, mkewe, kaniambia usiku anakata na kuunganisha video, na akisinzia anaota kwa sauti: 'Msisahau kubonyeza kengele.' Yeye akamjibu, 'Teyo, mimi mkeo, nibonyeze nini?'"

Hata Teyo alicheka hapo, kicheko kikamtoka chenyewe. Na kwa kucheka akasahau mkono, akaunyoosha kuchukua bia yake iliyovaa shela la barafu kama bibi harusi. Shati likapanda. Kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, imepakwa dawa ya meno.

Redio ikaendelea kuimba bachata, muziki wa mapenzi wa huko.

"Hiyo nini?" Rola akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Mafuta yaliruka."

"Mafuta hayaruki mpaka kwenye kiwiko."

Teyo akazitazama kete zake. "Nilisinzia," akasema. "Leo asubuhi, nimesimama mbele ya karai. Nilipozinduka mkono ulikuwa umelalia ukingo wa karai, na kichwa nacho kilikuwa kinakwenda hukohuko." Akavuta shati kuufunika mkono. "Niliogopa, jamani. Naogopa hadi sasa. Yule wa keki kaangukiwa na krimu. Mimi ningeangukia wapi?"

Mwanasheria akashusha kidole chake cha hotuba. Roho Saba akavua kofia akaiweka magotini. Yeye ameanguka mara saba, anaijua lami, lakini mafuta yanayochemka hayampi mtu mara ya pili.

"Na simu?" Rola akauliza taratibu.

"Ilikuwa inarekodi."

"Video umeifuta?"

Teyo akainamisha kichwa. "Nilikuwa naitafutia kichwa cha habari."

"Mama yangu weee!" Rola akashika rola zake kwa mikono miwili.

Na hapo hapo simu ikalia mezani mbele yake. Kengele ya laivu: dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Teyo akainuka kwenye kiti kabla hata akili haijamwamuru, kama mtoto wa shule aliyesikia filimbi.

"Kaa chini," akasema Rola. "Ni zamu yako."

"Nitarudi sasa hivi, niwashe tu karai—"

"Hakuna anayeondoka mezani katikati ya mkono, raundi haijaisha. Hata siku marehemu baba yangu alipoletewa habari ya kuzaliwa kwangu alimaliza kwanza mkono. Cheza."

Hiyo ni kweli, na pale San Pedro hakuna asiyejua. Nyumba ikiungua, kwanza umalize mkono. Teyo akakaa nusu ya kiti, akatazama meza. Upande mmoja wa mstari wa kete tatu, upande wa pili tano. Akatazama kete zake. Hakuwa na tatu. Hakuwa na tano.

Simu inalia. Kule Bronx mama wa zamu ameshavaa koti, anangoja. Yule wa Medellín anamwambia kichwani kwamba mtambo unasahau. Mkono unawaka moto chini ya dawa ya meno.

"Unayo?" Roho Saba akauliza.

"Sina."

"Basi si ufanye wanavyofanya wasio nayo."

Teyo akakunja ngumi ya mkono mzima, akagonga meza mara mbili.

"Napita," akasema, na zamu ikamvuka.

Roho Saba akaweka kete yake, Rola akacheza, Mwanasheria naye, na mchezo ukaendelea tu. Hakuna aliyemfukuza Teyo kwenye kiti. Zamu ilipomrudia alikuwa na kete, akaicheza. Simu ilikuwa imechoka kulia.

Walipomaliza mkono, na Teyo na mwenzake Rola waliumaliza kwa kufungwa vibaya sana, akainuka. "Naenda kulala," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema anakwenda ng'ambo. Akaenda. Simu aliiacha mezani. Wakamtazama mpaka akaingia kwake na mlango ukafungwa.

"Sasa hawa elfu kumi na moja wanaongoja?" akauliza Mwanasheria, kidole kimeinuka tena.

Doña Eneida akatoka na aproni yake, akaichukua simu, akabonyeza alichokiona chekundu. Laivu ikafunguka, akauona uso wake mwenyewe, akashtuka, akajipanga nywele.

"Nyie! Mnanisikia? Teyo hayupo. Kapita. Ana mkono umeungua na macho yamemvimba, kaenda kulala kama watu wengine. Anayetaka yanikeke aje na mdomo wake. Basi, tawanyikeni."

Mioyo ikamiminika mpaka skrini ikawa nyekundu. Rola akachungulia begani mwake, akasoma: "'Mwacheni alale. Mimi nakuja Desemba na mdomo wangu.' Huyu ni mama wa Bronx, wa zamu."

"Doña!" Mwanasheria aliruka kitini. "Wameongezeka mia nne! Una kipaji! Kesho saa hii hii, wewe na hiyo aproni, mimi nitakuwa meneja, tunaanza na video tatu tu kwa—"

Doña Eneida hakumjibu. Alifungua friji la bia, akaisukuma simu katikati ya chupa, akafunga.

Saa moja jioni walikuwa wanatawanyika, Rola anakunja viti, Roho Saba anapiga pikipiki teke iwake, wakasikia kengele ikilia kwa mbali, sauti yenye baridi. Roho Saba akafungua friji. Kioo cha simu kimeganda ukungu, akakifuta kwa kidole.

"Tena nini?" Rola akauliza.

"Kumbusho," akasema Roho Saba. "Limeandikwa: 'Kurekodi video ya kulala.'"

Wote wakageuka wakatazama nyumba ya Teyo. Taa zimezimwa. Mlio wa kukoroma ulikuwa unafika hadi dukani, mzito, bila aibu.

"Funga friji," akasema Doña Eneida. "Leo analala bila shahidi."