Kuku wa Mbooni, Dawa ya Malili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeleta kuku wa kienyeji kutoka Mbooni hadi hapa Malili kwa boda boda. Walinitazama njia nzima kama wakwe. Mpango: kumng'oa jirani yangu, Mama Wacuka, anayeuzia hoteli ya barabarani kuku wa gredi. Mimi nitauza ladha ya zamani. Marehemu mama alifuga hawa hawa. Walilala jikoni kwetu, karibu na mafiga, na mchuzi wake ulinukia hadi ng'ambo ya kilima. Mama hakununua dawa. Mimi ni mtu wa kisasa. Nimetia antibiotiki ya unga kwenye maji yao, na nitatia kila siku, waugue wasiugue.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Wacuka kachungulia uani. Kauliza kuku wanaumwa nini. Nikamwambia hawaumwi. Kauliza basi dawa ni ya nini. Wivu mtupu. Jogoo amenidonoa kidole. Kajeraha kadogo tu.

Jumanne, 11 Machi

Msiba. Wanaharisha, mabawa yamelegea, tetea mweupe amekufa. Nimeongeza dawa. Wapi! Nimeongeza tena. Mwenye hoteli, niliyekwisha kumwahidi kuku, kapiga simu, anawataka. Nimemwambia wanapumzika. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 15 Machi

Nthenya, daktari wa mifugo aliyechukua kinyesi cha kuku kupeleka maabara, amerudi na majibu. Bakteria walio ndani ya kuku wangu wameizoea dawa yangu. Dhaifu walikufa, wale sugu wakabaki, wakazaana. Nikajitetea kwamba nilitia kidogo kidogo tu.

“Hiyo ndiyo shida,” akasema. “Umewafundisha.”

Akaagiza nifagie banda, nichanje, dawa nisiguse bila yeye. Nikakumbuka mama akifagia jikoni kila alfajiri, na kuku mgonjwa akimtenga chini ya kapu. Sikujua hiyo ilikuwa tiba. Nilidhani ni usafi tu. Kisha Nthenya akaona kidole changu na kunifukuza niende hospitali. Hoteli imerudi kununua kwa Mama Wacuka.

Jumatano, 19 Machi

Niko wodini. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Daktari anasema vijidudu hivi huenda vimetoka bandani kwangu, na dawa ile havisikii. Amebadilisha, nadungwa sindano. Niliogopa sana. Sikuwahi kufikiri dawa inaweza kushindwa. Mama Wacuka ameniletea uji, hakunicheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Jumapili, 23 Machi

Nyumbani! Kidole kinakunjika. Kuku waliopona wanaparua uani, na sauti hiyo imenirudisha utotoni: mimi na mama tukishuka Mbooni kwenda sokoni, njia inateleza, yeye amebeba jogoo kwapani, anamsemesha kama mtoto. Nilitamani sana anisemeshe hivyo leo. Nimekaa kwenye kigoda mpaka machozi yakakauka.

Kisha nimetafakari kwa makini yote aliyosema Nthenya. Kosa langu nimelielewa. Nilitumia dawa moja! Ndiyo maana bakteria waliizoea. Vifaranga wapya wanakuja kesho, na nimeshanunua dawa mbili tofauti. Moja asubuhi, moja jioni. Tuone watazoea ipi.