Baba wa Mapaa Yote ya Santa Rufina

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Santa Rufina ya Juu, na kwa miji jirani inayotuonea wivu, kwamba Manispaa yetu imegundua chanzo kipya cha mapato, nacho ni sherehe.

Vyanzo vingine tulishavijaribu. Tulitoza kodi ya mbwa. Wananchi wakaapa kwamba mbwa wote ni wa jirani. Tulitoza ada ya kivuli cha uwanjani. Watu wakahamia juani na kofia zao. Tukaunda Kamati ya Kuamsha Ari ya Kulipa, nayo ikaamka yenyewe na kudai posho. Hayo nayasema bila haya. Nimesoma shule ya usiku na najua kwamba mtu hujifunza hata akisinzia, sembuse serikali.

Kikwazo chetu kikubwa kilikuwa nondo. Kwa sheria yetu, nyumba iliyokamilika hulipiwa kodi na isiyokamilika husubiriwa. Basi Santa Rufina nzima ikawa inasubiriwa. Unaingia nyumba ya ghorofa moja, ina mapazia, ina televisheni, bibi alizaliwa humo na akafia humo, lakini juu ya paa nondo nne zimesimama wima kungojea ghorofa ya pili, kila moja imevishwa chupa ya plastiki isipate kutu.

"Bado tunajenga," wenyewe husema. Na wanakwambia huku wanakukaribisha kiti.

Nyumba moja tu haikuwa na nondo: ya Mheshimiwa Meya, Don Leoncio Barrionuevo. Ina ngazi za marumaru, vioo vya buluu na vigae vyekundu juu. Lakini sheria ya zamani iliwasamehe viongozi, kwa kuwa kiongozi akilipa kodi anaweza kuchoka.

Mheshimiwa alipelekwa kusoma mji mkuu angali mdogo, akarudi kwetu mwaka wa uchaguzi. Siku moja alialikwa kijiji cha pili kwenye sherehe ya kuezeka paa. Akaona mtu mzima mmoja, aliyeteuliwa na wenye nyumba kuwa baba wa paa, kama baba wa ubatizo, anavunja chupa ya divai mlangoni na watu wanapiga vigelegele.

"Kwa nini anavunja?" akauliza.

"Kuonyesha nyumba imeisha, Mheshimiwa."

"Yaani inaisha hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Mheshimiwa akapiga meza hadi bakuli la pilipili likaruka. Kesho yake Idara ya Mapato na Ukamilifu, ambayo mimi ni Naibu Mkurugenzi wake, iliandaa Sheria Ndogo ya Ukamilishaji. Kwa kuwa wananchi wanaona haya kumaliza nyumba zao, Manispaa itawamalizia. Mheshimiwa mwenyewe atakuwa baba wa paa wa kila nyumba na atavunja chupa kila mlango. Ukamilifu utafuata desturi za Santa Rufina. Na kodi itatozwa bila kujali cheo. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza yeye, papo hapo, alipoisoma sheria uwanjani mbele ya umati, akapigiwa makofi mengi.

Mimi desturi yenyewe naijua tangu utoto. Lakini sikuulizwa, na kanuni ya utumishi ni kwamba asiyeulizwa hajui.

Wa kwanza kufika dirishani kwangu alikuwa Doña Fortunata Ccama, anayeuza chicha na pilipili zilizojazwa nyama kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Aliniwekea ilani yake mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Don Abdón, hii karatasi inasema nini? Macho yangu yamekataa kuisoma."

"Inasema Jumapili nyumba yako itakamilishwa, Doña Fortunata."

"Na nani?"

"Na Serikali."

"Serikali hii hii iliyoshindwa kumaliza choo cha soko?"

"Hii hii. Imepata uzoefu."

Hakucheka. "Sikiliza, baba. Kodi mliyoandika hapa nikiilipa, nafunga. Mimi nauza pombe ya mahindi, siuzi dhahabu. Wanangu wanakula kwa chungu kile kile. Baba yangu alikufa akisema bado tunajenga, na mimi nilikuwa nimejipangia kufa vivyo hivyo, kwa heshima."

"Kulipa kodi ni fahari ya raia, mama."

"Fahari haichemshi chungu." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Hebu, Don Abdón. Baba wa paa umesema nani?"

"Mheshimiwa Meya."

"Yeye mwenyewe? Hatumi mtu?"

"Yeye mwenyewe."

"Mbele ya watu?"

"Na bendi ya tarumbeta."

Doña Fortunata akaikunja ilani yake vizuri, akaitia kifuani. "Basi mwambie aje na njaa. Nitamchinjia simbilisi wanono."

Jumapili ilikuwa ya kihistoria. Mheshimiwa alianza kwa Doña Fortunata. Akapanda juu ya paa kwa ngazi ya kuazima, akazisalimu nondo, akashuka, akavunja chupa kwa mkono wa kulia. Bendi ikapiga. Doña Fortunata akamkumbatia kwa nguvu, kofia ya Mheshimiwa ikaanguka. Mtaa wote, watu waliokuwa wamefunga milango waliifungua.

"Mheshimiwa, na huku!"

"Usitupite jamani, sisi si watu?"

"Mimi nina nyumba mbili, Mheshimiwa! Na banda la kuku!"

Kila mlango chupa, kila mlango kibuyu cha chicha. Jioni Mheshimiwa aliniegemea begani, macho yamemlegea. "Unaona, Abdón? Wananchi wanaipenda kodi. Walikosa kubembelezwa tu."

Nikaandika neno hilo katika taarifa.

Jumatatu asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwake hadi kanisani. Mheshimiwa akavaa utepe wake wa cheo, akaagiza sanduku la kupokelea fedha. Wa kwanza kuingia alikuwa Doña Fortunata, kuku kwapani.

"Mzazi mwenzangu!" Akampa kuku. "Tangu jana sisi ni ndugu. Haya, ngazi unaleta lini?"

"Ngazi gani?"

"Ya kupandia juu. Si uliona mwenyewe, ulipanda kwa ya kuazima."

"Mama, umekuja kulipa kodi."

"Nimekuja kwa baba wa paa langu. Baba wa paa ndiye huleta kinachopungua. Kwangu inapungua ngazi, na mlango wa nyuma. Sikutaka kukuchosha, madirisha nimeyaacha."

"Kwangu madirisha!" mtu akapaza sauti kutoka nje.

"Kwetu ghorofa nzima, mzazi mwenzangu, lakini usiwe na haraka!"

Mheshimiwa akanigeukia. "Abdón, desturi hii ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mheshimiwa."

Akasimama kwenye kiti. Akatangaza kwamba Manispaa haitoi hata msumari. Foleni ikapasuka katikati, na ndani ya upenyo huo akaja Doña Ubaldina, mwanamke mfupi mwenye sketi tano na fimbo. Ni mama yake mzazi.

"Leoncio, shuka kwenye kiti."

Akashuka.

"Umevunja chupa milangoni mwa watu?"

"Nimevunja, mama, lakini kisheria..."

"Simbilisi umekula?"

"Nimekula."

"Basi utaleta."

"Mama, ni mji mzima!"

"Ungevunja moja! Nani alikutuma kuzunguka kama mbwa wa harusi? Mimi nitapita sokoni na uso gani, mama wa mtu anayekula kwa watu na kuwaacha wanapanda nyumba zao kama paka?"

Doña Fortunata akauliza taratibu, macho kwenye ilani yake, "Na kodi, mama?"

"Kodi gani? Mtu humdai mzazi mwenzake na zawadi yake mwenyewe hajaileta? Hata shetani ana haya."

Mheshimiwa akanitazama kama anayezama. Nikamfafanulia kwa lugha ya kitaalamu: Sheria Ndogo inasema ukamilifu utafuata desturi. Kwa desturi, nyumba haijakamilika mpaka baba wa paa alete kinachopungua. Kwa hiyo Idara inasitisha madai yote hadi ngazi zifike. Doña Fortunata akanipa ilani yake. Nikaigonga muhuri wa KUSUBIRIWA, naye akatoka mbio kwa sababu chungu alikiacha motoni.

"Kwa hiyo hatuna mlipa kodi hata mmoja," akasema Mheshimiwa.

"Tunaye mmoja."

Nikamfahamisha kwamba nyumba yake iliezekwa yeye angali mji mkuu, na baba wa paa lake, mfanyabiashara wa saruji, alivileta vyote: ngazi, vioo, hadi kengele ya mlangoni. Nyumba haina upungufu. Nikamkumbusha pia maneno yale ya bila kujali cheo, na makofi.

Ilibidi asimame dirishani kwangu kama raia. Watu walimpisha kwa adabu. "Mwacheni apite," walinong'onezana, "ndiye anayetulisha."

Mchana mji ukasikia nyundo. Mheshimiwa alikuwa juu ya paa lake, amevua koti, anavunja vigae na zege kutafuta nondo. Alipoipata ya kwanza aliinyoosha kwa mikono miwili na kupaza sauti:

"Bado najenga!"

"Jenga tu, mzazi mwenzangu!" akajibu Doña Fortunata kutoka mlangoni kwake, kibuyu mkononi. "Lakini ngazi yangu kwanza!"

Nilifika na kitabu changu cha faini. Kubomoa jengo lililokamilika bila kibali kuna adhabu, tena inazidi kodi yenyewe. Nilimwandikia, nikampandishia karatasi kwa kamba.

Akaisoma mara mbili, vumbi la zege usoni.

"Abdón," akaniita kutoka juu, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia ofisini, "hii haina msamaha kwa viongozi?"

"Ulikuwepo, Mheshimiwa," nikamjibu. "Wananchi walikupigia makofi ulipoufuta."